Kupe alimuuma mguuni, mbona lililofifia ni jicho?

"Assalaam aleikum daktari. Nakuandikia kwa ajili ya ndugu yangu wa kiume, ana miaka 27. Kazi yake ni punda: hubeba mawe na mchanga wa ujenzi hapa Lamu mjini, na mara mbili kwa mwezi huvuka kwenda Hindi, kule upande wa bara, kununua mbuzi. Wiki tano zilizopita alirudi na kupe nyuma ya goti, akamchoma kwa sigara mpaka akaachia. Siku ya saba homa ikamshika, kichwa kikamuuma mno, pale alipoumwa pakafanya kidonda kidogo chenye kigaga cheusi, na mtoki ukamtoka kinenani. Alipewa dawa za malaria, kisha za taifodi, ingawa kipimo cha malaria hakikuonyesha kitu. Homa ikamwacha yenyewe baada ya wiki. Sasa ni siku ya sita jicho la kushoto limeingia ukungu katikati. Si jekundu wala halitoi tongo. Akilizungusha lamuuma kwa ndani. Anasema kikoi chake chekundu akikitazama kwa jicho hilo kimepauka kama kilichofuliwa mara mia. Binamu yetu aliyeko Ujerumani asema huo ni ugonjwa wa Lyme, tutume damu kwake ipimwe. Jirani asema ni husuda; tumemsomea na amekunywa kombe. Duka la dawa limetupa doksisaiklini na prednisoloni, hajaanza hata moja. Kupe tunaye bado, tumemtia kwenye kiberiti. Je, kupe wa mguuni aweza kweli kumpofusha mtu? Na tuanze dawa ipi?"

Waaleikum salaam warahmatullah, binti yangu.

Nianze na la haraka, maana barua ndefu mtu huisoma nusu akaitwa jikoni. Ndugu yako atazamwe nyuma ya jicho na mtu mwenye vifaa vya kutazamia, na iwe kesho au keshokutwa, msingoje mwisho wa mwezi. Zile tembe za prednisoloni, dawa ya kushusha uvimbe, zikae hapo zilipo mpaka aonwe. Na damu msiitume Ujerumani. Sasa keti nikueleze.

Kwanza nikushukuru kwa kile kikoi. Wagonjwa wengi huniambia "sioni vizuri" basi, nami nabaki kupapasa gizani pamoja nao. Jicho lenye mtoto wa jicho huona ukungu. Jicho linalotaka miwani huona ukungu. Lakini rangi nyekundu kupauka katika jicho moja tu, na maumivu ya ndani kila jicho linapogeuka, katika kijana ambaye jicho lake kwa nje ni safi kabisa, hayo yananipeleka mahali pamoja: nyuma ya jicho, kwenye mshipa wa fahamu unaopeleka picha ubongoni. Wengine wauita neva ya jicho, nami nitauita hivyo hapa ili tusirefushe. Neva hii ikivimba kwa uchochota, mara nyingi kwa nje hapaonekani kitu. Ndiyo maana watu humwambia mgonjwa "mbona jicho lako zima tu?" na yeye hana la kuwaonyesha. Nasema haya nikiwa sijamwona ndugu yako, na dalili zaweza kumdanganya hata mtu aliyezeeka katika kazi hii. Ila kwa dalili kama hizi simwachi mtu akae nyumbani.

Ukitaka kuhakikisha alichokwambia, chukua kizibo chekundu cha chupa ya soda. Afumbe jicho moja akitazame, kisha afumbe la pili. Mwulize: wekundu wa jicho la kulia ukiwa shilingi mia, huu wa kushoto ni shilingi ngapi? Andika jibu na tarehe kwenye karatasi. Rudia kila asubuhi mahali palepale penye mwanga uleule. Karatasi hiyo itamfaa daktari kuliko unavyodhani.

Sasa hiyo neva. Fikiria kamba ya jahazi iliyosokotwa kwa nyuzi nyembamba zipatazo milioni moja, urefu wake wote kama sentimita tano. Inaanzia nyuma ya jicho, inapita kwenye tundu dogo la mfupa, ndipo inaingia kichwani. Umeona kamba ya makumbi ikilowa ikivimba inavyokwama kwenye kapi? Neva ikivimba ndani ya lile tundu nayo hujibana yenyewe, na damu ya kuilisha hupita kwa shida. Jambo la pili ambalo watu hawalijui ni kwamba neva hii si kama ile ya mkono au ya mguu. Ni kipande cha ubongo kilichotokeza nje. Imevikwa utando uleule wa ubongo na kuzungukwa na maji yaleyale ya ubongo na uti wa mgongo. Neva ya kidole ikikatika yaweza kuota tena polepole. Nyuzi za neva ya jicho zikifa hazioti. Basi hapo ndipo haraka yangu inapotoka.

Umeniuliza kama kupe wa mguuni aweza kufika huko. Kupe mwenyewe hafiki, na wala hakuna mdudu anayetambaa mwilini akipanda kuelekea kichwani, kama nilivyowahi kusikia wazee wakisimuliana barazani. Kupe anaponyonya damu hutema mate ndani ya ngozi ili damu isigande, na katika mate hayo mnaweza kuwa na vimelea. Hapa kwetu vinavyonijia akilini kwanza ni vya jamii ya riketsia. Ni bakteria wadogo mno wasioweza kuishi peke yao. Hukaa ndani ya chembe zinazotandika ukuta wa ndani wa mishipa midogo ya damu. Hapo ndipo kisa chote kilipo. Ukuta ule ukiugua, mshipa huvuja, hujaa, wakati mwingine huziba. Pale kupe alipouma mishipa ya ngozi huziba na ngozi hufa, ndicho kile kigaga cheusi ulichokiona. Matezi ya karibu huvimba, ndio ule mtoki. Kichwa huuma kwa sababu hiyohiyo. Na jicho, binti yangu, limejaa mishipa midogo mno. Pazia la nyuma linalopokea picha, yaani retina, na kichwa cha neva hulishwa na mishipa myembamba kama unywele. Madaktari wa macho wa Tunisia, ambako homa hii ya kupe huja na majira ya joto, wameandika mengi juu yake. Walipowatazama nyuma ya jicho wagonjwa wao wa homa, waliona madoa meupe, damu iliyovuja na neva iliyovimba hata kwa watu ambao hawakuwa wamelalamikia macho.

Kuna njia ya pili, nayo kwa ndugu yako naiona ina uzito zaidi kwa sababu ya tarehe. Homa ilikwisha, siku zikapita, ndipo jicho likafifia. Mara nyingine kimelea huwa kimeshaondoka, lakini askari wa mwili waliochochewa wakati wa vita hawajarudi kambini. Wanaona utando unaovika nyuzi za neva wanaudhania adui, wanaushambulia. Hili hutokea wiki moja mpaka tatu hivi baada ya homa za aina nyingi, za virusi na za bakteria, na kupe hana haki miliki nalo. Njia ya tatu ni presha ya maji ya ubongo kupanda pale utando wa ubongo unapopata uchochota. Maji yale husukuma neva kutoka nyuma, na kwa kawaida neva za macho yote mawili huvimba. Kwa jicho moja lenye maumivu ya kuzungusha siitilii mkazo, ila lazima daktari aiondoe kwenye hesabu.

Kwa hiyo jibu la swali lako ni ndiyo, yawezekana, lakini ni nadra. Wengi mno huumwa na kupe Hindi, Mpeketoni, Witu na kote bara kwenye mifugo, wakapata homa ya siku chache, na macho yao yako salama mpaka leo.

Sasa Lyme. Binamu yako simlaumu. Huko aliko ndugu zake wa kazini wakienda msituni wakarudi na kupe, jambo la kwanza linalosemwa ni hilo. Ugonjwa ulipewa jina la mji wa Lyme, jimbo la Connecticut kule Marekani, ambako katika miaka ya 1970 watoto wengi waliugua viungo pamoja. Bakteria wake, aina ya borelia, alitambuliwa na Willy Burgdorfer mwaka 1982 ndani ya kupe. Lakini kupe yule ni wa misitu ya nchi za baridi, anahitaji majani yenye unyevu, na pwani yetu hayuko. Kupe wa Hindi wana majina mengine. Yupo kupe mkubwa wa ng'ombe na mbuzi mwenye mgongo wa madoa ya rangi, mwenye mdomo mrefu unaouma kwelikweli, ambaye hangoji upite bali hukufuata mwenyewe; huyo ndiye mbebaji wa riketsia ya Kiafrika. Yupo kupe wa kahawia wa mbwa, ambaye homa yake madaktari wa kikoloni waliiita tifasi ya kupe ya Kenya. Punda nao wana wao mwenye miguu myekundu. Hata alama zatofautiana: Lyme kwa kawaida huacha duara jekundu linalotanuka kwenye ngozi siku hadi siku, haiachi kigaga cheusi. Na hata huko Ulaya na Marekani, uchochota wa neva ya jicho uliothibitishwa kuwa wa Lyme ni adimu.

Kuhusu kutuma damu, sababu yangu si gharama peke yake. Kipimo cha Lyme hakitafuti bakteria, hutafuta kingamwili, yaani silaha ambazo mwili huziunda dhidi ya bakteria, na kingamwili hufanana. Mtu aliyewahi kupata kaswende, au homa ya papasi, aweza kuonekana ana Lyme hali hajawahi kuvuka Bahari ya Sham. Mahali ambapo ugonjwa haupo, jibu la "ndiyo" mara nyingi ni la uongo. Mtapata karatasi yenye muhuri wa maabara ya Ulaya, mtaiamini, na ndugu yako atatibiwa ugonjwa asio nao huku neva ikingoja.

Nimetaja papasi. Vijana wa mjini hawamjui, lakini bibi zetu walimjua: kupe laini, hana gamba gumu, anayejificha kwenye nyufa za nyumba za udongo na sakafu ya vumbi, hutoka usiku, hunyonya kwa nusu saa hivi, hurudi. Homa yake huja, huondoka, hurudi tena baada ya siku kadhaa. Robert Koch mwenyewe alikuja Afrika Mashariki ya Wajerumani mwaka 1905 kumchunguza. Homa hiyo nayo hugusa macho na mishipa ya fahamu ya uso. Ikiwa homa ya ndugu yako ilikuwa hivyo, ya kuondoka na kurudi, au kama alilala kwenye banda la udongo huko alikonunua mbuzi, mwambieni daktari, maana kimelea chake huonekana kwenye tone la damu chini ya hadubini wakati homa iko juu.

Kisha kuna mtuhumiwa ambaye nyote hamkumtaja, na barua yatoka Lamu! Paka. Sina ugomvi na paka wa Lamu, nimekua nao, nimekula samaki nikiwafukuza kwa mguu. Lakini wapo bakteria waitwao bartonela, wanaohamishwa kutoka paka hadi paka na viroboto, na kumfikia binadamu kwa mkwaruzo wa kucha, hasa za paka mtoto. Huleta homa na tezi kuvimba, na baadaye neva ya jicho huvimba na mafuta huvuja kwenye retina yakajipanga kama nyota. Nyota hiyo haionekani siku za mwanzo. Yaweza kuchukua wiki moja au mbili baada ya neva kuvimba. Kwa kawaida jicho haliumi sana likizungushwa, na tezi huvimba kwapani ikiwa mkwaruzo ulikuwa mkononi. Kwa ndugu yako kigaga cheusi na mtoki wa kinenani upande ule ule wa goti vyamwelekea kupe zaidi. Hata hivyo mwulizeni kama alikwaruzwa.

Daktari atawauliza na mengine ambayo huenda yakawaudhi. Ataomba kipimo cha kaswende na cha virusi vya ukimwi. Msichukue kama tusi. Kaswende huiga karibu kila ugonjwa wa jicho, inatibika kwa penisilini, na kuikosa kwa sababu ya haya ni hasara isiyo na maana. Atauliza kama anatumia dawa za kifua kikuu, kwani ethambutoli yaweza kudhuru neva hii hii na kuharibu rangi, ingawa huanza macho yote mawili bila maumivu. Atauliza kama alipewa kwinini nyingi wakati wa ile "malaria". Atauliza kama amekunywa pombe isiyojulikana ilikotoka. Mwaka 2014 nchi hii ilizika watu wengi na wengine wakapofuka kwa pombe iliyotiwa methanoli. Kama jibu ni ndiyo, alitoe akiwa peke yake na daktari, wewe toka nje. Na atafikiria magonjwa ambayo mwili hujishambulia wenyewe bila kupe wala paka. Moja kati ya hayo hupiga neva ya jicho na uti wa mgongo kwa pamoja, nalo linatujia sisi watu weusi kwa ukali zaidi, na ndiyo sababu nyingine ya kutochelewa.

Nije kwenye dawa. Mfamasia aliyewapa nadhani alitaka kheri, lakini amewapa vitu viwili vyenye nguvu bila kuona nyuma ya jicho.

Prednisoloni kwanza. Kati ya mwaka 1988 na 1991 Marekani waliwaandikisha wagonjwa 457 wenye uchochota wa kawaida wa neva ya jicho. Wengine walipewa dawa ya jamii hii kwa dozi kubwa kupitia mshipa siku tatu kisha tembe, wengine tembe peke yake, wengine tembe tupu zisizo na dawa. Waliopewa ya mshipa walirudisha kuona haraka zaidi, lakini baada ya miezi sita macho ya makundi yote yalikuwa karibu sawa. La ajabu ni waliopewa tembe peke yake kwa dozi ya kawaida: ugonjwa uliwarudia zaidi kuliko wale waliopewa tembe tupu. Mpaka leo ukimwona daktari wa neva akikunja uso kwa tembe za prednisoloni katika ugonjwa huu, asili yake ni hapo. Ongeza kwamba ikiwa ndani mna kaswende, kifua kikuu au riketsia ambayo haijatibiwa, prednisoloni inawafungulia mlango. Kuna hali ambazo dawa ya mshipani ni ya lazima na ya haraka, hasa ule ugonjwa wa uti wa mgongo niliousema. Hiyo hutolewa hospitalini, wakipima sukari na presha.

Doksisaiklini, dawa ya kuua bakteria, ni kesi nyingine, na hapa nakiri madaktari twaweza kutofautiana. Kwa homa ya kupe ndiyo dawa yenyewe, na ingetolewa siku ile ya kigaga cheusi, homa ingeshuka kwa siku mbili tatu. Sisemi haya mjilaumu. Hapa pwani kila homa huitwa malaria, kipimo kikikataa huitwa taifodi, na ni wachache wanaomvua mgonjwa suruali watafute kigaga nyuma ya goti. Sasa homa imekwisha, na ikiwa neva inashambuliwa na askari wa mwili, doksisaiklini haiwazuii. Bado daktari mwingi angeitoa kwa tahadhari, nami huenda ningeitoa. Kinachonifanya niseme mngoje siku hizi mbili ni hiki: dawa za jamii hii, mara chache, hupandisha presha ya maji ya ubongo na kuvimbisha neva zenyewe. Akiimeza leo na keshokutwa nikaona neva imevimba, sitajua nimlaumu nani. Homa ikirudi kabla hamjafika hospitali, basi hesabu inabadilika. Aanze, ameze na maji mengi akiwa amekaa wima, asiinywe na maziwa, na safari iendelee.

Safari yenyewe. Anzeni hospitali ya King Fahd hapo mjini, mwombe afisa wa kliniki afanye jambo moja rahisi: amulike jicho la kulia lisilougua kwa tochi, kisha ahamishie jicho la kushoto haraka. Mboni ikitanuka badala ya kubaki imejikunja, neva ina shida, na hilo liandikwe kwenye barua ya rufaa. Mkiambiwa mtaalamu wa macho hayupo wiki hiyo, msingojee arudi. Vukeni Mokowe mshike basi, mje Malindi, au mwendelee mpaka hospitali ya Coast General Mombasa, ambako kuna madaktari wa macho na wa neva. Atatiwa matone ya kutanua mboni. Kwa saa kadhaa jua litamchoma macho na maandishi ya karibu hatayasoma, basi achukue kofia na aandamane na mtu. Picha ya MRI huenda ikahitajika, nayo ni ghali. Ulizeni wazi itabadilisha nini katika matibabu kabla ya kuuza mbuzi. Mara nyingi jibu ni kwamba itabadilisha, lakini mna haki ya kuuliza.

Akiwa njiani au nyumbani, yakitokea haya msiangalie ratiba ya basi, tafuteni gari lolote usiku ule ule: jicho la pili nalo likianza kufifia, kichwa kikiuma kwa kutapika hasa alfajiri, kuona giza la ghafla la sekunde chache akiinama au akiinuka, shingo kukakamaa, maneno kuchanganyika, miguu kuwa mizito au kufa ganzi, mkojo kukataa kutoka au kutoka bila yeye kutaka. Na jicho lenyewe likifikia hata mwanga wa tochi halioni.

Mengi ya macho haya hurudi. Katika uchochota wa kawaida kuona hushuka kwa wiki moja au mbili, hutulia, kisha kuanzia wiki ya tatu hivi huanza kupanda, na huendelea kupanda kwa miezi. Wengi husoma tena kama zamani, ingawa wekundu waweza kubaki umepungua kidogo daima. Ikifika wiki ya nne hapana hata dalili ya nafuu, arudi kwa daktari, maana huo si mwendo wa kawaida na lazima tufikirie upya. Na asitishike kama adhuhuri, akipanda na punda na mzigo wa mawe juani, jicho linafifia zaidi kisha linarudi akikaa kivulini. Mjerumani Wilhelm Uhthoff aliliandika hilo mwaka 1890: neva iliyougua hupitisha habari vibaya mwili ukipata joto. Haidhuru neva, inachosha roho tu. Apunguze mizigo ya mchana kwa sasa, na asiendeshe pikipiki huko bara mpaka ajue jicho lake linampa umbali gani.

Jirani yenu msigombane naye. Kombe anywe, dua asomewe, mimi mwenyewe nikiugua mama yangu hunisomea. Ninachokataza ni kitu chochote kutiwa ndani ya jicho: asali, maziwa, maji ya kitunguu, wanja wa dawa. Ugonjwa uko nyuma mahali tone halifiki, na mbele mtaongeza kidonda ambacho hakikuwapo.

Kupe mwingine akimpata, sigara iwe mbali. Kupe anayechomwa, au kupakwa mafuta ya taa, aweza kutapika mate yake ndani ya ngozi kabla ya kuachia. Mshikeni kwa kibanio chembamba karibu kabisa na ngozi, mvute moja kwa moja polepole bila kumzungusha, kisha paoshwe kwa sabuni. Akitoka Hindi avue nguo ajitazame nyuma ya magoti, kinenani, kwapani na nyuma ya masikio. Na ile tarehe ya kuumwa iandikwe.

Huyo wa kwenye kiberiti njooni naye. Mtieni kwenye kichupa chenye spiriti kidogo, maana amekauka na miguu itakatika. Hatatwambia kama ndiye aliyelitia jicho ukungu, lakini akiwa ni yule wa mgongo wa madoa nitajua ni homa ipi nianze kuiandikia maabara.